Reli ya Uhuru: Historia Fupi ya Mamlaka ya Reli ya Tanzania na Zambia

Mamlaka ya Reli ya Tanzania na Zambia, inayojulikana zaidi kwa jina la TAZARA, ni chombo kinachomilikiwa na serikali mbili kwa hisa sawa, nusu kwa nusu, na Julai 2026 inatimia miaka 50 tangu reli yake ya kilomita 1,860, inayoanzia Dar es Salaam na kuishia Kapiri Mposhi, ikabidhiwe rasmi. Umri huo si haba kwa shirika la ubia, hasa ikikumbukwa kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, pamoja na reli, bandari na ndege zake, ilivunjika mwaka 1977, wakati reli hii ingali changa.

Chanzo chake ni dhiki ya Zambia, nchi iliyopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964 ikiwa na shaba nyingi lakini haina bahari, na ambayo karibu biashara yake yote ilipita Rhodesia ya Kusini kuelekea bandari za Msumbiji, wakati huo koloni la Wareno. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru wake yenyewe, njia hiyo ikawa kitanzi, na kwa muda hata mafuta ya petroli yalisafirishwa kwenda Zambia kwa ndege. Bomba la mafuta la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilikamilika mwaka 1968 na kupunguza makali hayo, lakini bomba halibebi shaba.

Hapa ndipo sifa za waasisi wawili, Mwalimu Julius Nyerere na Mzee Kenneth Kaunda, zinapostahili kutajwa bila haya. Uchunguzi wa Benki ya Dunia wa mwaka 1964 uliiona reli hiyo kuwa haina faida, na ijapokuwa wataalamu wa Uingereza na Kanada waliona mwaka 1966 kwamba inafaa kujengwa, nchi za Magharibi hazikutoa fedha. Mwalimu alikwisha kuzuru China mwezi Februari 1965 na kurudi na ahadi ya msaada. Kaunda, ambaye mwanzoni alisita kuwakaribisha Wachina, alikwenda Beijing mwaka 1967, na tarehe 5 Septemba ya mwaka huo nchi tatu zikatia saini mkataba wa kwanza. Mkopo uliokubaliwa mwaka 1970 ulikuwa yuani milioni 988, usio na riba, uliogawanywa sawa baina ya Tanzania na Zambia na kulipwa kwa miaka 30 baada ya muda wa nafuu. Gharama za ndani, yaani mishahara ya vibarua na mahitaji ya kila siku, zilifidiwa kwa utaratibu ulioshabihi mali kauli: China ilileta bidhaa kwa mkopo, zikauzwa madukani, na fedha zilizopatikana zikaendesha kazi.

Ujenzi ulizinduliwa Dar es Salaam tarehe 26 Oktoba 1970, marais wote wawili wakiwapo. Nyanda za Kilombero zilivukwa kwa jasho na malaria, lakini kazi yenyewe hasa ilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, mahali reli inapopanda ukingo wa nyanda za juu za kusini kupitia udongo telezi na mabonde ya ghafla. Mengi ya mahandaki 22 ya njia nzima yamo humo, kama lilivyo daraja la Mpanga, ambalo nguzo zake zina kimo cha mita 50 hivi, na msafiri anayepita kipande hicho akiwa amelala amepoteza nusu ya nauli yake. Wachina walifanya kazi kwa zamu bega kwa bega na vijana wa Tanzania na Zambia, wakalima mboga zao wenyewe kambini na kufundisha ufundi kwa vitendo zaidi kuliko kwa maneno, kwa kuwa lugha iliwashinda wote. Vijana wapatao 200 wa nchi hizi mbili walipelekwa Beijing kusomea uhandisi na uendeshaji wa reli. Zaidi ya Wachina 60 hawakurudi kwao, na wengi wao wamezikwa Gongo la Mboto, pembezoni mwa Dar es Salaam, ambako hukumbukwa kila mwaka. Mataruma ya mwisho yalilazwa Juni 1975, mapema kuliko ilivyopangwa, na tarehe 14 Julai 1976 reli ikakabidhiwa huko Kapiri Mposhi.

Muundo wa Mamlaka ulipimwa kwa mizani ya undugu: makao makuu yakawekwa Dar es Salaam na mkurugenzi mkuu akatoka Zambia, karakana kubwa zikawa mbili, Dar es Salaam na Mpika, na treni za abiria zikaitwa Kilimanjaro na Mukuba, jina la Kibemba la shaba. Juu ya wote likakaa Baraza la Mawaziri wa nchi zote mbili, ambalo uamuzi wake, kusema kweli, haukuwa wa haraka kila mara. Mpakani Tunduma na Nakonde, ambako Wanamwanga huishi pande zote mbili, reli ilikuza soko moja, na Kiswahili kikavuka mpaka pamoja na mchele wa Kilombero.

Miaka iliyofuata yaweza kutajwa kwa ufupi. Mwaka 1979 majeshi ya Rhodesia yalilipua daraja la mto Chambeshi, likajengwa upya. Mwaka 1983 vilinunuliwa vichwa vya treni vilivyojengwa Ujerumani, vyenye nguvu zaidi milimani. Mwaka 1986 mzigo ulifikia takribani tani milioni 1.2, kilele cha historia yake. Baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka Afrika Kusini mwaka 1994, shaba ilirejea njia za kusini na za barabara, mtaji ukapungua, na mwaka wa fedha 2014/15 zikasafirishwa tani 88,000 tu. Wafanyakazi wa kipindi hicho walivumilia mengi. Septemba 2024 makubaliano ya awali ya kuifufua reli yalitiwa saini Beijing mbele ya marais wa nchi tatu, na Septemba 2025 ukafuata mkataba wa miaka 30 na kampuni ya CCECC ya China, wenye thamani ya dola za Marekani bilioni 1.4, wa kukarabati njia, kuleta vichwa na mabehewa mapya na kuendesha huduma.