Kinyume (mchezo wa maneno)

Kinyume ni mchezo wa kuficha maneno katika mwambao wa Waswahili. Askofu Edward Steere aliuandika Unguja katika karne ya 19. Silabi ya mwisho hutangulizwa: Kilifi huwa Fikili, Malindi huwa Ndimali, na Junju, iliyoko Kilifi Kusini, huwa Njuju. Mtunzi hukata silabi, kamwe si herufi. "Nj" na "nd" zikitenganishwa, neno halitamkiki. Baba, dada na kaka hayafichiki hata kidogo, hivyo huepukwa. Maneno ya silabi mbili hufumbuliwa upesi, ingawa "kazi" hupoteza wengi kwa kuzaa "zika". Yaliyo bora kabisa ni ya silabi tatu au zaidi, yakisemwa haraka ndani ya sentensi nzima.