Mwanafizikia Aliyepewa Tuzo ya Kemia

Msomaji, huenda umezoea kudhani kwamba fizikia ina mlango wake na kemia ina wake. Sikiliza basi habari za Ernest Rutherford, mzaliwa wa New Zealand, aliyekuwa akifundisha fizikia mjini Montreal, Kanada.

Aliona kwamba madini yaitwayo thoriamu hutoa hewa ya ajabu, ambayo nguvu zake hupungua nusu kwa kila dakika moja hivi. Hewa hiyo ni kitu gani? Vipimo vyake havikuweza kumjibu. Mwaka 1901 akashirikiana na mwanakemia kijana, Frederick Soddy, mwenye umri wa miaka 24. Soddy aliipitisha hewa ile penye platini na unga wa magnesi uliopashwa moto sana, nayo isibadilike hata kidogo. Kumbe ilikuwa ya jamaa ya agoni, wala si thoriamu tena! Thoriamu ilikuwa ikijigeuza yenyewe kuwa elementi nyingine, jambo ambalo wanakemia wa siku zile walisema haliwezekani.

Mwaka 1908 Rutherford akapewa Tuzo ya Nobel, ya kemia, si ya fizikia. Alifanya mzaha kwamba ameona mageuko mengi, lakini hakuona lililokwenda kasi kama lake mwenyewe, la kutoka mwanafizikia kuwa mwanakemia. Soddy hakushirikishwa. Kwa maoni yangu hiyo haikuwa haki, maana bila yule kijana hewa ile ingalibaki fumbo. Yeye alipata tuzo yake, ya kemia vilevile, ile ya mwaka 1921.