Masafa au Marudio?

Chukua spika ndogo uliyoitoa kwenye redio mbovu. Waya mmoja uunganishe na pini ya Arduino Uno kupitia rezista ya omu 220, wa pili uende hasi. Rezista usiiache: spika ya omu 8 ikiachiwa volti 5 bila kizuizi ingetaka miliampia 625, na kikomo cha pini ni 40. Sasa agiza pini iwake na ibaki imewaka. Utasikia "tik" moja, kisha kimya. Umeme bado unapita, ila ngozi ya spika imesogea mara moja ikatulia, na hewa iliyotulia haina sauti.

Badili programu: pini iwake, izime, iwake, izime, kila hali idumu mikrosekunde 1,136. Spika inaimba! Ni nota ya La, ile ambayo okestra nyingi hulinganishia ala zao, kwa kuwa kuwaka na kuzima huko kunarudi mara 440 kila sekunde.

Idadi hiyo ya kurudi ndiyo tuliyozoea kuiita masafa. Neno tumelipokea kwa watangazaji wa redio, na redioni halimsumbui mtu. Lakini masafa ni umbali. Ndiyo maana yake katika Kiarabu lilikotoka, na ndiyo maana yake kwetu tunaposema mwanariadha anakimbia mbio za masafa marefu. Tatizo ni kwamba wimbi lina umbali wake hasa. Sauti husafiri hewani karibu mita 343 kwa sekunde; zigawe kwa 440, unapata sentimita 78 hivi kutoka kilele hadi kilele. Kadiri idadi ya kurudi inavyopanda, ndivyo umbali huo unavyopungua. Mwanafunzi anayeambiwa "ongeza masafa" akarefusha wimbi hajafanya uzembe. Neno ndilo lililompeleka huko.

Kwa hiyo mimi nasema marudio. Najua pingamizi: tuna kipindi cha marudio, tuna mtihani wa marudio. Lakini wazo ni lile lile, jambo lililokwisha kuja linakuja tena, na hicho ndicho pini inachofanya. Amri ya tone katika programu hupewa namba ya pini, kisha 440. Hiyo ya pili mtoto aisome "marudio 440 kwa sekunde", naye ataona kazi yenyewe kabla hajafika kwenye alama ya Hz.

Tahadhari moja ibaki, nayo ni "sauti ya juu". Wengine husikia kelele, wengine husikia nota. Andika 880 badala ya 440: spika haijapaza sauti, imeifanya nyembamba. Andika 220, inakuwa nzito. Nyembamba na nzito ni maneno ambayo kila mwanakwaya anayo tayari.