Postikadi ya Ibadan

Wazee wetu wanawakumbuka vijana wa Kimarekani wa Peace Corps. Hapa Tanganyika walianza kuja mwaka 1961, kwanza wapimaji wa barabara na baadaye walimu. Wakaondoka 1969, wakarudi 1979. Lakini leo naomba twende Ibadan, Nigeria, mwezi Oktoba mwaka huo huo wa 1961.

Nigeria ilikuwa ndiyo kwanza imetimiza mwaka mmoja wa uhuru. Pale chuo kikuu walikuwapo Wamarekani zaidi ya 30 wakimalizia mafunzo kabla ya kutawanywa kufundisha sekondari, kwa kujitolea. Peace Corps yenyewe haikuwa na umri wa mwaka. Rais Kennedy aliiunda mwezi Machi.

Mmoja wao, Margery Michelmore, binti wa miaka 23, alimwandikia rafiki yake huko Massachusetts postikadi. Alieleza kwamba pamoja na mafunzo yote waliyopewa, hawakuwa tayari kwa ufukara na uchafu walioukuta: watu wanapika mitaani, wanauza mitaani, hata haja wanafanya mitaani. Kadi ikadondoka kabla ya kufika posta. Akaiokota mwanafunzi, na mara nakala zikatapakaa chuo kizima.

Wanafunzi wakafanya mkutano. Wageni wakaitwa majasusi na vibaraka wa ubeberu, ikatakiwa wafukuzwe. Bwaloni wakatengwa. Bi Michelmore aliandika barua ya kuomba radhi, lakini hakuweza kubaki Ibadan.

Wapo wanaosema wanafunzi walikuza jambo dogo. Mimi sikubaliani nao. Chuo kile kilianzishwa mwaka 1948, na mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo, Chinua Achebe, alikwisha kuchapisha riwaya yake ya kwanza mjini London mwaka 1958. Postikadi haina bahasha, na ile iliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wageni wale walikuja kuwafundisha watu. Aliyeiokota hakuhitaji mkalimani! Mitaa ya Ibadan wanafunzi waliijua, na bila shaka wenyewe waliilalamikia. Nadhani kilichowachoma ni kuona mtu anayekula nao bwalo moja anawazungumza kwa wenziwe kana kwamba wao hawapo, au hawajui kusoma.

Hata hivyo binti yule siwezi kumtupia jiwe. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa kijiji kimoja cha mbali. Nikarudi na taarifa nzuri, au ndivyo nilivyodhani, kwamba watu wale wanachota maji bwawa moja na ng'ombe. Ikatangazwa. Miezi michache baadaye nikapita tena pale. Mzee mmoja aliyenikaribisha uji mara ya kwanza akanitazama, akasema: "Mwanangu, tulikusikia. Uongo hukusema. Lakini ulikaa hapa siku mbili, ukala kwetu, na jambo hilo hukutuuliza hata mara moja." Nilitafuta la kumjibu nikalikosa. Yeye alikuwa anajua tayari kwamba bwawa lile walilichimba wenyewe kwa majembe, baada ya kuahidiwa kisima miaka mingi. Hilo halikuwamo katika taarifa yangu.

Kule Ibadan, hasira zilipoanza kupoa, wanafunzi na wageni walianza kuketi meza moja na kubishana uso kwa uso, kuhusu ubeberu, kuhusu weusi wa Marekani na haki zao, na kuhusu kadi yenyewe. Wenzake Michelmore hawakufukuzwa. Walikwenda mashuleni wakashika chaki, na miaka michache baadaye Nigeria ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopokea walimu wengi zaidi wa aina hiyo. Yeye alirudi Marekani, akapewa kazi makao makuu ya Peace Corps mjini Washington.