Maneno Laini Yenye Meno

Kwenye nguzo za umeme za Jinja kuna kibao chenye fuvu la kichwa na neno moja la Kiingereza: "Danger". Hata mtoto asiyejua kusoma anarudi nyuma. Neno hilo halidanganyi mtu. Linasema hapa kuna kitu kinachoua, basi kaa mbali.

Mimi nilisoma sekondari Jinja, halafu nikafanya kazi na vijana Mbale kabla ya kuja huku kambini. Vijana wetu wanapojifunza Kiingereza wanaogopa maneno makali kama "danger", "threat" na "kill". Lakini wazee wa miji ile miwili walinionyesha kwamba historia ya Uganda iliumiza watu zaidi kwa maneno laini.

Idi Amin alichukua nchi tarehe 25 Januari 1971. Kikosi kimoja chake kiliitwa "Public Safety Unit", yaani kikosi cha usalama wa raia. Kingine kiliitwa "State Research Bureau", ofisi ya utafiti ya taifa. Mgeni akiyasikia majina hayo atafikiri wa kwanza wanavusha watoto barabara, na wa pili wanahesabu magunia ya mahindi. Kumbe wa kwanza walikuwa Naguru, wa pili Nakasero, huko Kampala, na wengi waliopelekwa kwao hawakurudi. Miili ilitupwa mtoni Nile, na mingine ikaonekana Jinja kwenye bwawa la Owen Falls, lile lililofunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954.

Sheria nazo zilikuwa na ulimi huo huo. Mwaka 1972 ilitoka amri kuhusu "robbery suspects", washukiwa wa unyang'anyi. Kwa Kiingereza "suspect" ni mtu ambaye kosa lake bado halijathibitishwa. Lakini amri ile iliruhusu askari kumpiga risasi. Sasa fikiria: neno linasema "bado hatujui", na bunduki inasema "tumeshamaliza". Februari 1973 watu walioitwa waasi walipigwa risasi hadharani katika miji kadhaa, na Mbale ulikuwa mmojawapo. Raia waliitwa kutazama.

Neno linalonigusa zaidi ni "verification". Agosti 1972, akiongea na wanajeshi Tororo, mji jirani na Mbale, Amin alisema Waasia lazima waondoke. Walipewa siku 90. Barabara kuu ya Jinja ilijaa maduka yao, na mpaka leo ukiinua macho utaona majina na miaka ya ujenzi juu ya milango ya majengo yale. Baadhi yao walikuwa raia wa Uganda. Hao hawakuambiwa "tunawanyang'anya uraia". Waliambiwa waje kwa "verification", kuhakikiwa. Wakapanga foleni na karatasi zao. Ambaye karatasi yake ilionekana na kasoro, kama tarehe au muhuri, alitoka pale akiwa si raia wa nchi yoyote.

Mwaka 2018 neno hilo hilo lilifika kwenye kambi zote za Uganda. Sifananishi kazi ile na ya Amin. Ya 2018 ilikuwa ya kuhesabu wakimbizi kwa alama za vidole ili msaada umfikie anayestahili. Lakini ndugu zetu wafanyakazi wa mashirika, mjue kwamba neno halifiki mahali likiwa tupu. Kati yetu tuliotoka Kivu, kuna waliotikiswa na sheria ya uraia ya Zaire ya mwaka 1981, ambayo iliwaacha watu wengi bila nchi. Mama wa namna hiyo akiambiwa "njoo uhakikiwe", moyo wake unakimbia kabla ya miguu. Ukimwona anajificha siku ya zoezi, usiandike haraka kwamba ni mdanganyifu. Mweleze kwanza nini kitafanyika, na nini hakitafanyika.

Sisi wa Kiswahili tusicheke Kiingereza, maana lugha yetu nayo imefanya kazi hiyo. Miaka ya 1980, wakati wa Obote kurudi, wanajeshi walizingira mitaa na kuwapakia watu kwenye malori. Waganda waliita jambo hilo "panda gari". Ni maneno mawili ambayo kondakta yeyote anayasema asubuhi, lakini kuna familia ambazo zikiyasikia mpaka leo zinanyamaza. Ndiyo maana wazee wengine wa Jinja ukiwasalimia kwa Kiswahili wanakuangalia kwanza mikono.

Na hapa kuna jambo la leo. Mtu anakwenda kushtaki kwamba jirani amemtisha. Mkalimani anauliza, "Alisema nini?" Anajibu, "Alisema tutaonana." Mkalimani anaandika "see you". Faili linafungwa, kwa sababu nani anatishwa na kwaheri? Lakini aliyesikia sauti ile usiku, mlangoni kwake, anajua haikuwa kwaheri. Vivyo hivyo "utanijua mimi ni nani" na "nitakuonyesha". Hakuna neno la damu ndani yake, lakini mtu anahama nyumba.

Neno lenyewe "danger" lina ukoo wa kushangaza. Kiingereza kililitoa kwa Wafaransa, na mzizi wake ni neno la Kilatini la bwana, mwenye mamlaka. Zamani kuwa kwenye "danger" ya mtu ilikuwa kuwa chini ya uwezo wake, akitaka akuache, akitaka akuumize. Naona hiyo ndiyo maana iliyo kamili kuliko ya fuvu.

Kwa hiyo vijana ninaokaa nao siwapi orodha ya maneno mabaya ya kukariri. Nawapa maswali matatu kwa kila tangazo, kila ujumbe wa simu, kila "tutaonana". Nani anasema? Ana uwezo gani juu yangu? Nikikataa, itakuwaje? Na anayeandika faili la mwenzake, naye aulize hayo matatu kabla ya kutafsiri.