HEWA SAFI BILA BARIDI: HISTORIA YA NYUMBA INAYOPUMUA

Huu ni msimu wa baridi, na wale walio Limuru, Nyandarua na Molo wananielewa vizuri. Jioni ikifika, mlango hufungwa, dirisha hufungwa, na yale matundu ya hewa juu ya dirisha huzibwa kwa magunia. Kisha jiko la makaa huletwa ndani.

Siku moja nilimwomba mama mmoja afungue dirisha kidogo. Alinijibu, "Sista, unataka mtoto wangu ashikwe na baridi?" Swali lake ni la haki. Leo tutaangalia jinsi watu wa nchi za baridi kali walivyolitafutia jibu kwa zaidi ya miaka 130.

Mwaka wa 1859, Florence Nightingale, yule muuguzi aliyehudumia askari katika vita vya Crimea, alitoa kitabu kuhusu uuguzi. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa hii: hewa anayovuta mgonjwa ndani iwe safi kama ya nje, lakini mgonjwa asipatwe na baridi. Wakati huo njia ilikuwa dirisha wazi, blanketi na moto wenye bomba la moshi. Miaka hiyo hiyo, katika mji wa Munich, Ujerumani, Max von Pettenkofer alipima hewa ya vyumba. Alisema kwamba gesi tunayotoa tukipumua ikizidi sehemu 1 katika 1,000, hewa ya chumba hicho imechakaa.

Mwaka wa 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafla duniani. Watu wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini walianza kuziba kila ufa ili joto lisipotee. Joto lilibaki, lakini unyevu ulibaki pia, na kuvu ikaota ukutani. Walikuwa wamerudi kwenye swali la yule mama.

Mwaka wa 1977, katika mji wa Regina nchini Kanada, ambako baridi hushuka chini ya sufuri kwa nyuzi 30 na zaidi, ilijengwa nyumba ya majaribio iliyozibwa kabisa, lakini ikawekewa mtambo wa kubadilishana joto. Fikiria kikombe cha chai. Chai haikugusi, lakini joto lake hupita kwenye kikombe na kufika mkononi. Ndani ya mtambo huo, hewa chafu yenye joto hutoka upande mmoja wa ukuta mwembamba, na hewa safi ya baridi huingia upande wa pili. Hewa hizo hazichanganyiki. Joto tu ndilo linalovuka.

Mwaka wa 1991, huko Darmstadt, Ujerumani, zilijengwa nyumba zilizookoa zaidi ya asilimia 80 ya joto hilo. Yaani, nje ikiwa nyuzi 0 na ndani nyuzi 20, hewa safi huingia ikiwa na nyuzi kama 16. Mpango wake ni rahisi kuueleza: hewa safi hupelekwa vyumba vya kulala na sebuleni, hewa chafu hutolewa jikoni na bafuni, na vichujio husafishwa kila mara.

Mpenzi msikilizaji, mtambo huo unahitaji stima na nyumba iliyozibwa vizuri, na hauwezi kamwe kuchukua nafasi ya bomba la moshi. Wengi wetu hatuuhitaji. Lakini funzo lake ni letu: hewa lazima iwe na njia ya kuingia na njia ya kutoka, hata usiku wa baridi.

Makaa yanayowaka hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na anayelala huenda asiamke. Kwa hivyo, usilale na jiko la makaa ndani, hata kama dirisha liko wazi. Zibua matundu ya hewa. Ongeza blanketi, na mvalishe mtoto soksi na kofia. Mkiumwa na kichwa nyote mkiwa karibu na jiko, tokeni nje mara moja, kisha mwende hospitali.

Mama, mtoto hatashikwa na baridi akivikwa vizuri.