Mkwawa na Kielezi

Toka Tosamaganga hadi Kalenga si mbali. Wajerumani waliiteka ngome ya Kalenga mwaka 1894, lakini Mkwawa mwenyewe hawakumpata. Alipigana nao porini mpaka alipojiua mwaka 1898. Mtoto wa Kihehe husimuliwa habari hizi jikoni kwa bibi yake, tena kwa urefu. Kisha huingia sekondari, akatakiwa aziandike kwa Kiingereza.

Mwaka 1967 Kiswahili kilipewa shule ya msingi yote, sekondari ikaachiwa Kiingereza. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta, mtu wa Njombe, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nayo ifundishe kwa Kiswahili. Haikuwa hivyo, na sera ya mwaka 1995 ikakibakiza Kiingereza. Kwa hiyo mtihani wa historia ni mtihani wa lugha pia, upende usipende.

Basi, ndugu msomaji, nimewahi kusoma karatasi ya mwanafunzi aliyetaka kusema kwamba Mkwawa alipigana vikali. Aliandika "Mkwawa fought hardly". Alikuwa amefundishwa kuwa kielezi huishia na "ly", naye akatii. Kumbe "hard" ndiyo yenye ukali. "Hardly" maana yake ni kwa shida sana, karibu na hapana. Herufi mbili zimemfanya shujaa wa babu zake aonekane hakupigana!

"Bado" nayo ina vituko vyake. Kwetu hiyo moja inatosha: "Bado anapigana", "Bado hajakamatwa". Mwingereza ameigawa: "still" kwa jambo linaloendelea, "not yet" kwa lisilotokea. Anayetumia "still" kila anapofikiria "bado" ataandika "he still eats" kwa mtu ambaye hajatia kitu tumboni.

Kwa "only", mimi naona Kiswahili kimewashinda. "Tu" yetu hukaa nyuma ya neno lake: "Watoto tu walikula nyama" ni habari moja, "Watoto walikula nyama tu" ni nyingine. Waingereza wenyewe huitupa "only" mbele ya kitenzi, wakitegemea mkazo wa sauti kuelewana, na karatasi haina sauti. Wanafunzi wangu nawaambia waisemee sentensi kwanza kwa Kiswahili, waone "tu" imegusa neno gani, kisha "only" waibandike ubavuni mwa neno hilohilo.